Tela Hulipiwa na Bodi

Ukiingia kwenye yadi ya magari kuulizia pikapu, namba ya kwanza utakayotajiwa ni ya kuvuta: hili linavuta tani 3.5. Namba hiyo si ya uongo. Imo kwenye vitabu vya watengenezaji wa pikapu nyingi kubwa za dizeli, kuanzia Ford Ranger na Isuzu D-Max hadi Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Lakini kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Bahi, hiyo ni namba ya kumpoteza. Itakayoamua kama safari yake italipa ni ile ndogo ambayo muuzaji haitaji: gari linabeba kilo ngapi mgongoni. Tela halijitegemei. Shingo yake imelala juu ya gari, na kila linapojazwa hukata kilo kadhaa kwenye hesabu ya bodi. Asiyelijua hilo hununua tela akidhani ameongeza gari la pili, kumbe ni gari lilelile moja, limegawanywa.

Nimechagua Bahi kwa sababu mahali penyewe panaufanya mjadala huu usiwe wa vitabuni. Wilaya hii, iliyozaliwa mwaka 2007 Dodoma Vijijini ilipogawanywa, imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mahali Mto Bubu unapomalizia maji yake kwenye bwawa lisilo na njia ya kutokea. Maji hayo ndiyo yaliyoleta mpunga katikati ya nchi kame. Lakini sakafu ya bonde ina gharama yake. Jiji la Dodoma, karibu kilomita 60 upande wa mashariki, liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Manyoni, upande wa magharibi, imepita mita 1,200. Bahi yenyewe haifiki 900. Maana yake ni kwamba mzigo unaotoka Bahi kwa barabara kuu, uende Dodoma au uende Singida, hupanda. Na mzigo unaoingia, uwe mbolea, saruji au mabati, huteremka. Kupanda ni shughuli ya injini na klachi. Kuteremka ni shughuli ya breki. Hakuna upande wa barabara hiyo ambapo uzito husamehewa.

Namba nne, wala si moja

Kila gari lililotengenezwa kwa ajili ya kubeba na kuvuta lina namba nne zinazofungamana. Ya kwanza ni uzito wa gari tupu. Ya pili ni uzito wa juu ambao gari lenyewe linaruhusiwa kufikia likiwa na watu, mafuta na mzigo. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata uwezo wa kubeba. Ya tatu ni uzito wa juu wa tela. Ya nne, ambayo wengi hawajawahi kuisikia, ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Hii ya nne ndiyo hakimu, kwa sababu huweza kuzikataa namba nyingine hata kama kila moja peke yake iko sawa.

Tazama Ford Ranger ya injini ya lita 3.2, iliyoingia sokoni mwaka 2011 na kuuzwa kwa muongo mzima. Katika masoko mengi ile ya milango minne yenye kuendesha magurudumu yote iliruhusiwa uzito wa juu wa kilo 3,200, tela la kilo 3,500, na jumla ya vyote viwili kilo 6,000. Gari tupu lina kilo 2,200 hivi. Msomaji wa haraka anaona gari linalobeba tani 1 na kuvuta tani 3.5 kwa safari moja. Fanya hesabu. Ukivuta kilo 3,500, kati ya zile 6,000 zimebaki 2,500. Toa 2,200 za gari lenyewe, unabaki na 300. Watu wazima wanne wakiketi kwenye viti vyao, zimekwisha. Bodi ya nyuma itabaki tupu, hata debe la mahindi halina nafasi kisheria. Na tani 1 ile uliyoahidiwa? Ipo, lakini ni ya siku ambayo hukufunga tela zito. Gari liliahidi mambo mawili kwa siku mbili tofauti.

Wamarekani walikuwa na vurugu hiihii. Kila kampuni ilijipimia na kutangaza namba ya kuvuta iliyoipendeza, mpaka jumuiya ya wahandisi wa magari ya huko ilipotoa kipimo cha pamoja kinachoitwa J2807. Toyota ndiyo iliyotangulia kukifuata, kwa magari yake ya mwaka 2011, na wengine wakaburuta miguu kwa miaka kadhaa. Kipimo hicho hupeleka gari na tela kwenye mpando wa Davis Dam jimboni Arizona, kilomita 18 hivi za kupanda mfululizo katika joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Ni mtihani mgumu na wa haki. Lakini soma masharti yake: ndani ya gari wamo dereva na abiria mmoja, kila mmoja wa kilo 68, na bodi haina mzigo wa kutaja. Hata kipimo kilicho makini kuliko vyote kinapima pikapu isiyobeba kitu. Sasa linganisha na pikapu inayotoka Bahi Sokoni wakati wa mavuno: dereva, utingo, mwenye mzigo, mke wa mwenye mzigo, na magunia mpaka usawa wa kioo cha nyuma.

Hata ile namba ya kubeba inahitaji kusomwa kwa akili, kwa kuwa wakati mwingine huandikwa na kodi kuliko chuma. Uingereza huihesabu pikapu ya milango minne kuwa gari la mizigo, kwa hesabu za VAT, ikiwa inabeba tani 1 au zaidi. Usishangae basi kwamba pikapu nyingi zinazouzwa huko hutangazwa kubeba kilo elfu moja na kidogo. Japani nako, Hilux iliyorudi sokoni humo mwaka 2017 iliandikishwa kubeba kilo 500 tu, ilhali ndugu zake wa nchi nyingine huandikwa mara mbili ya hapo. Magari ya pande zote hizo hufika kwetu yakiwa yametumika. Kwa hiyo usichukue namba ya gari la jirani kwa sababu yanafanana taa. Soma kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, soma kitabu cha gari lako, kisha linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Hesabu ya magunia

Tuache vitabu, tupakie. Chukua pikapu yenye uwezo wa kubeba kilo 1,000, kama ile Ranger ya hapo juu. Dereva na utingo ni kilo 150. Zimebaki 850. Gunia la mpunga lililoshonwa kawaida mara nyingi lina kilo 75 hadi 80. Tuseme 80. Gari bila tela linabeba magunia 10 na nafasi kidogo ya juu.

Sasa funga tela la ekseli moja lililochomelewa na fundi, lenye kilo 400 likiwa tupu. Halina breki. Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Pikapu nyingi zinazoruhusiwa kuvuta tani 3.5 huruhusiwa kilo hizo kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kitabu kilekile, mara nyingi ukurasa uleule, huandika kilo 750, na sheria za Ulaya zina mpaka huohuo. Kilo 750, ukitoa 400 za tela lenyewe, zinaacha 350 za mzigo: magunia manne. Na shingo ya tela lazima ilale juu ya gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake wote, yaani kilo 75. Chuma cha kuungia tela nacho kina kilo 50 hivi. Hizo 125 zinatoka kwenye bodi, ambayo imebaki na 725: magunia tisa. Jumla ni kilo 1,075 dhidi ya 850 za bila tela. Umenunua chuma, tairi mbili, taa na namba za usajili, umeongeza ulaji wa dizeli na urefu wa kugeuzia, ili kupata kilo 225. Hazifiki hata magunia matatu.

Chukua tela hilohilo, lifunge breki. Sasa linalolizuia ni tairi. Tuseme lina tairi mbili za 185R14C zenye namba 102 ya uzito ubavuni, ambayo maana yake ni kilo 850 kwa kila tairi. Mbili ni 1,700. Toa 400 za tela, unapakia 1,300. Shingo italalia gari kwa kilo 170. Bodi imebaki na 630 baada ya watu, chuma cha kuungia na shingo. Jumla ya mzigo ni kilo 1,930, magunia 24. Gari na tela pamoja vina kilo 4,730, mbali kabisa na mpaka wa 6,000.

Linganisha sasa: bila tela magunia 10, tela bila breki magunia 13, tela lenye breki magunia 24. Tofauti ya 13 na 24 haikuletwa na injini, wala na springi, wala na ukubwa wa tela. Imeletwa na breki peke yake. Mtu anayekwambia kwamba breki za tela ni anasa ya Wazungu anakukatia magunia 11 kila safari, au anakuombea uyapakie hivyohivyo na kumwachia Mungu.

Kumwachia Mungu ndiko kunakofanyika. Matela yaliyochomelewa mitaani mara nyingi husimama juu ya ekseli ya nyuma ya gari lililokufa. Ukichungulia utakuta ngoma za breki zimo, na pengine hata viatu vyake, lakini bomba lilikatwa na waya za breki ya mkono zimening'inia. Breki ipo, kilichokosekana ni kitu cha kuiamuru. Ipo aina ya kiungio ambacho tela likilisukuma gari wakati wa kupunguza mwendo, kichwa chake hurudi nyuma na kuvuta waya wa breki. Haihitaji umeme wala haigusi mfumo wa breki za gari. Fundi anayeelewa anaweza kuiunganisha na ngoma zilezile, mradi ajaribu kwanza tupu, kisha na nusu ya mzigo, na ahakikishe magurudumu yote mawili yanashika sawasawa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gharama yake huweza kurudi ndani ya msimu mmoja wa mavuno.

Ukitaka kujua breki za gari peke yake zinabeba nini, teremka kutoka Manyoni kuja Bahi. Kilo 4,700 zikishuka mita 350 hutoa nguvu inayotosha kuchemsha karibu lita 50 za maji ya kawaida. Upepo, tairi na injini huchukua sehemu. Inayobaki lazima iishie kwenye vyuma vya breki kama joto. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa akikanyaga breki muda wote anazipika, na zikishaiva hukanyagi tena kitu. Ushukie kwa gia ambayo ungeipandia. Tela lisilo na breki huongeza ubaya mwingine: ukifunga breki katikati ya kona, gari hupunguza mwendo lakini tela bado lina haraka yake, na husukuma sehemu ya nyuma ya gari pembeni mpaka viwili hivyo vikunjane.

Lumbesa na nauli

Hesabu yote hapo juu imesimama juu ya neno moja: kilo 80. Kwenye biashara yetu, gunia ni kipimo cha macho. Gunia lililoongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba linaitwa gunia, na lisiloongezwa linaitwa gunia. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na mpaka unaotangazwa ni kilo 100 kwa gunia. Mara nyingi lumbesa huzungumzwa kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli. Lakini yupo mwingine anayedhulumiwa ambaye hatajwi: mwenye gari.

Nauli hutozwa kwa gunia. Mnunuzi akishindilia kilo 110 ndani ya gunia moja, amesafirisha kilo 30 bure. Kwa magunia 24 hiyo ni zaidi ya kilo 700 ambazo hazikulipiwa, na ambazo gari letu la mzigo wa kilo 1,930 halikuwa na mahali pa kuziweka. Mwenye gari hazioni siku hiyo. Ataziona baadaye kwenye springi iliyolala, beringi inayolia, tairi linalopasuka mchana wa jua la Septemba, klachi iliyoungua mpandoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayepakia si anayenunua springi. Dawa yake haihitaji askari. Mwenye gari atoze kwa kilo. Wanunuzi wengi wa mpunga wana mizani. Gunia likipita juu ya mizani kabla ya kupita juu ya bega la mpakiaji, faida ya kushindilia kwenye nauli imekufa, na gari linajua linachobeba.

Macho hudanganya zaidi mzigo unapobadilika. Bodi ya pikapu ya milango minne ina mita moja ya ujazo na kidogo. Ijaze mpunga mtupu hadi ukingoni, hutafika kilo 700. Ijaze mchanga wa mto hadi ukingoni, umepita tani 1.5. Ni bodi ileile, imejaa vilevile. Maji angalau hayafichi: lita moja ni kilo moja, na simtanki la lita 1,000 lililojaa limemaliza uwezo wa gari zima kabla dereva hajapanda. Likijazwa nusu ni hatari kwa namna nyingine, kwa kuwa maji hukimbilia mbele ukifunga breki na kukimbilia pembeni ukikata kona. Ng'ombe nao husogea. Tela la mifugo lifungwe kizuizi katikati, wanyama wasijikusanye nyuma wakati wa kupanda, kwani wakifanya hivyo shingo ya tela huinuka na kulinyanyua gari kwa nyuma.

Kilo 170 zinapokuwa 236

Hili la shingo linastahili kusimama kidogo. Tumesema tela la kilo 1,700 linalalia gari kwa kilo 170. Lakini haziangukii katikati ya gari. Mpira wa kuungia uko nyuma ya ekseli ya nyuma, tuseme mita 1.25 nyuma yake, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3.2. Uzito uliowekwa nje ya miguu huinua upande wa pili. Ukipiga hesabu, ekseli ya nyuma haipokei 170 bali karibu 236, na ekseli ya mbele inapunguziwa 66. Ndiyo maana gari linaloonekana kuwa ndani ya uzito wake wa jumla linaweza kuwa limezidisha ekseli ya nyuma, huku usukani ukiwa mwepesi na taa zikimulika vilele vya mibuyu.

Kawaida yetu ni kukimbilia kwa fundi kuongeza bamba za springi. Gari hunyanyuka, mwenyewe hufurahi, na tatizo limefichwa. Springi huzuia gari lisilale. Haziongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya breki, wala ya chesisi. Kwenye pikapu za milango minne, ambazo bodi yake imesukumwa nyuma kupisha viti, mzigo mzito ulioning'inia nyuma ya ekseli, ukiongezewa shingo ya tela na barabara ya makorongo, hufikia kuikunja chesisi yenyewe nyuma ya kabini. Gari la namna hiyo halitengenezeki kwa bei ya maana. Na springi ngumu ndizo zinazolifikisha huko, kwa kuwa humnyima dereva dalili ya kwanza, ile ya gari kulala.

Basi mzigo wa bodi usogezwe mbele, uegemee kabini. Kwenye tela, mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kiasi cha magunia sita mbele kwa kila manne ya nyuma. Ukizidisha mbele, unalikandamiza gari. Ukipeleka nyuma, shingo inakuwa nyepesi na tela huanza kucheza. Lori la mizigo likikupita kwa kasi upepo wake unatosha kulianzisha. Tela likianza kucheza, usilikamate kwa breki za ghafla na usijaribu kulikimbia. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, liache litulie. Kisha simama, hamisha magunia.

Kupima shingo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukishapakia tela, likiwa mahali tambarare, teremsha shingo juu ya mizani ileile ya kununulia mpunga, kwa kutumia kipande cha mbao kilichokatwa kwa kimo kinachoifanya ikae usawa wake wa kawaida. Ukisoma chini ya kilo 120 kwa tela letu la 1,700, sogeza mzigo mbele. Ukipita 200, rudisha nyuma. Dakika tano hizo zinakupa jibu ambalo hakuna fundi anayeweza kukupa kwa macho.

Tairi pia lina usemi wake. Zile kilo 850 ni za tairi zima, lenye upepo kamili, ambalo halijazeeka. Ubavuni kuna namba nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la tela huzeeka likiwa na maua yake yote, kwa sababu halitembei sana na linashinda juani. Kwenye nchi kavu kama hii ya Ugogo, mpira hukauka na kupasuka kabla ya kuisha. Tela likipasuka tairi likiwa na ekseli moja, halina tairi lingine la kuegemea upande huo. Tela la ekseli mbili husamehe zaidi, ila ni zito zaidi likiwa tupu, na kilo zake zinatoka kwenye magunia yako.

Mizani na mpaka wa 3,500

Tangu Machi 2019 Tanzania imekuwa ikitumia sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, inayoyahusu yale ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu peke yake, hata ikijaa kihalali, kwa kawaida hubaki chini ya hapo. Ndiyo maana wenye pikapu wengi hawajawahi kuingia mizani maishani mwao na hudhani ni jambo la malori. Lakini ile pikapu yetu na tela lake ina kilo 4,730. Imevuka mpaka, na anayeiendesha ajihesabu upande wa malori: mizani ni yake, na mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaowekewa magari ya mizigo yaliyozidi kilo 3,500 ni wake.

Wengine watauona huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa huduma. Mizani ya barabarani hupima ekseli kwa ekseli, na ndiyo mahali pekee ambapo mwenye pikapu anaweza kujua kama ekseli yake ya nyuma imezidi. Mara moja inatosha: pakia mzigo wako wa kawaida, upimwe, andika namba kwenye daftari la gari, na tangu hapo unajua magunia yako ni kilo ngapi kwa lugha ya ekseli.

Wa kununua na wa kukodi

Nani basi anunue tela? Anayesafirisha kati ya tani 1 na 2 mara kwa mara, kwa gari ambalo siku nyingine analihitaji kwa safari za mjini, na aliye tayari kulifunga breki. Huyo tela litamlipa, kwa sababu linaongeza tani 1 kamili bila kununua injini ya pili, na siku lisipohitajika hubaki nyumbani bila kula dizeli. Anayesafirisha chini ya kilo 850 hana haja nalo, pikapu inamtosha. Anayepita tani 2 akodi lori dogo kama Canter. Mzigo wake si wa pikapu, na hakuna bamba la springi litakalobadilisha hilo. Anayetoa mpunga shambani mpaka kijijini, kwenye udongo mweusi ambao masika huugeuza gundi, amwachie pawatila na tela lake. Pale mwendo ni mdogo, na pikapu ikizama na tela lililojaa hutolewa na trekta.

Kuna jambo moja lililo nje ya uwezo wa mnunuzi mmojammoja. Gari hutoka kiwandani na kibati kinachotaja uzito wake. Tela la kuchomelewa mara nyingi hutoka karakana likiwa na rangi tu. Mwenye karakana ndiye anayejua alitumia ekseli gani, tairi gani na chuma cha unene gani, na angeweza kugonga namba tatu kwenye bati kwa nyundo: uzito wa tela tupu, uzito wake wa juu, na kama lina breki au halina. Halmashauri, Wakala wa Vipimo na askari wa usalama barabarani wana sababu za kutosha za kulidai bati hilo kabla tela halijapewa namba za usajili. Mpaka watakapolidai, mnunuzi alidai mwenyewe, na asitoe salio la fedha kabla hajaliona limegongwa.